Siku Tano Matinyani

Kutoka Malaba hadi Mtito Andei tulikaa barabarani siku tatu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, tanboi wa lori lililobeba kahawa kwenda bandarini, na kazi yangu ilikuwa kukaza kamba za turubai, kuweka jiwe nyuma ya gurudumu tukisimama mlimani, na kumzungumzisha dereva asisinzie. Dereva hakupenda mazungumzo. Tulipita Eldoret kukiwa na ukungu, Nakuru kukiwa na mvua, tukatambaa kupanda Kinungi nyuma ya msururu wa malori mengine, tukavuka Nairobi alfajiri, na baada ya hapo nchi ikaanza kubadilika rangi. Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi: joto likazidi, miti ikafupika, vumbi jekundu likaingia hadi kwenye meno. Mtito, dereva alisimama mbele ya hoteli ya mabati akaniambia, "Dakika kumi. Tangi ikijaa naenda." Nikaketi kwenye benchi. Mwanamke aliyefunga kitambaa cha kijani kichwani akaniwekea sahani ya muthokoi, yale mahindi yaliyotolewa maganda yakapikwa na maharagwe mpaka yakalegea, na juu yake akaweka kipande cha parachichi bila kuulizwa. Honi ikalia. Nikatazama nje, nikatazama sahani, nikaendelea kula. Ikalia mara ya pili, ndefu, ya mtu aliyekasirika. Mara ya tatu haikulia. Nilisikia tu gia zikiingia.

"Lori lako limeenda," yule mwanamke akasema.

"Najua."

"Na nguo zako?"

"Begi niko nalo hapa."

Akanitazama kama mtu anayepima unga kwa macho. "Basi ukimaliza, sahani zinaoshewa nyuma."

Sikuwa nimepanga kukaa. Sikuwa nimepanga kitu chochote tangu nimalize kidato cha nne. Nilikuwa nimeacha kazi ya kinu cha unga Kitale, mjengo Eldoret, na ghala moja pale Malaba, na kote niliondoka kwa njia moja: mapema, kabla watu hawajaamka, bila kumwambia mtu. Kuaga nilikuona ni kazi ya ziada isiyolipwa. Sasa nimepita miaka arobaini na mitano, nimeishi miji mingi kuliko ninayoweza kutaja kwa mpango, na mwezi uliopita nilisafiri hadi Nyandarua kumzika yule mwanamke wa kitambaa cha kijani. Baada ya mazishi, tukiwa na vikombe vya chai chini ya hema, binti yake Wambui, aliyekuja kwa ndege kutoka ng'ambo, aliniambia jambo kuhusu siku moja ya mwaka ule ambalo sikuwahi kulijua. Tangu hapo sijatulia. Mtu akishazoea kuamini kwamba anajua hadithi yake mwenyewe, ni vigumu kuambiwa kwamba nusu yake ilitokea akiwa hayupo.

Tulimwita Mama Wambui, au Mama tu. Hoteli yake ilikuwa chumba kimoja kirefu, meza sita zilizofunikwa plastiki yenye maua, na nyuma jiko la kuni ambalo halikuzimika. Nililala stoo, kati ya magunia ya maharagwe na ukuta wa mabati, na kupitia ukuta ule nilisikia nchi nzima ikipita. "Mizani ya Mariakani ni mbaya leo, rudi ulale." "Yule wa Kisumu ameoa tena?" "Ameoa nini, ameolewa!" Kisha kicheko, kisha sauti ya Mama ikiuliza nani alitaka chai ya rangi. Kwa miaka kumi na saba hoteli ile haikuwa imefungwa hata siku moja. Krismasi ilikuwa wazi. Siku ya kura ilikuwa wazi. Na kwa sababu ilikuwa wazi daima, madereva walimwachia vitu. Anayeshuka pwani alimwachia mwenzake anayepanda bara: viatu, dawa ya mtoto, spea ya breki, barua, mara moja jogoo hai. "Mpatie Kamau akipita." Hakuna karatasi iliyoandikwa. Mama aliweka vitu kwenye kabati la buluu na majina aliyaweka kichwani, na hakuna aliyewahi kukosa chake.

Nilifika mwezi wa tatu. Mwezi wa kwanza uliofuata, Wambui alirudi kutoka chuo cha uuguzi. Alikuwa amelelewa kwenye meza ya mwisho ya hoteli ile, akifanya hesabu za shule katikati ya sahani za watu, na sasa alikuwa amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kufanya kazi hospitalini. Angeondoka katikati ya mwezi wa pili. Siku ya pili baada ya kufika aliingia jikoni, akasimama kati ya mama yake, aliyekuwa akisukuma chapati, na Nduku mpishi, aliyekuwa akikoroga maharagwe.

"Mama, nataka siku tano."

"Za nini?"

"Zako. Mimi na wewe, mahali hakuna mtu anaagiza chai."

"Si uko hapa? Si tunaongea?"

"Tunaongea!" Wambui akageuka. "Nduku, tangu nifike jana, Mama ameniambia nini?"

Nduku alikuwa mtu wa Matinyani, upande wa Kitui, mwenye umri wa miaka thelathini hivi na ulimi mkali kuliko kisu chake. Hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. "Amekuambia sogea."

Nilicheka peke yangu. Mama hakucheka, wala Wambui. Mara mbili walikuwa wamejaribu kwenda likizo. Mara ya kwanza Mama alifika Sultan Hamud, akakumbuka hakumwambia mtu wa maziwa, akashuka, akavuka barabara na kusimamisha gari la kurudi. Mara ya pili alifika Voi, akalala usiku mmoja, asubuhi akasema ameota kuni zimeisha. Kuni zilikuwa hazijaisha.

"Nikishaenda, sijui nitarudi mwaka gani," Wambui akasema polepole. "Hii ni mara ya tatu. Sitaomba ya nne."

Mama aligeuza chapati. Akaigeuza tena. Ilikuwa imeungua upande mmoja, na kwa miezi kumi niliyokuwa pale sikuwa nimemwona akiunguza chapati.

Jioni hiyo Wambui aliniita kwenye meza ya mwisho kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Akaniwekea daftari la shule. Nilifikiri ataniambia niandike nguo, taulo, sabuni. Akasema, "Andika juu: Vinavyoweza Kumrudisha Mama." Nikamtazama. "Watu wakipanga likizo wanaandika watakachobeba," akaeleza. "Mama hakosi nguo. Kinachomshinda ni kile anachoacha. Kwa hivyo tutaandika kila kitu kinachoweza kumshusha kwenye gari, na kila kimoja tukipatie mtu na siku, kabla hatujatoka." Nimefanya kazi na wanajeshi wastaafu, na wahasibu, na padri mmoja aliyepanga ratiba ya kanisa kwa dakika. Sijaona mpango uliokuwa na akili kama ule. Tulianza na maziwa, mkate, kuni, paka, na ufunguo wa stoo ya kanisa ambao Mama ndiye aliyeuweka. Mwanzoni Mama alijifanya hasikii. Kisha, akiwa anakanda unga, akaniita kwa kelele, "Barasa! Mafuta ya taa!" Nikaandika mafuta ya taa. Kesho yake akatupa mengine matatu. Alikuwa anatutega, nilijua; alitaka kutafuta moja tusiloweza kulimaliza. Wambui hakukasirika. Kila tulipopewa jipya alilitafutia mtu, akaenda kuongea na mtu huyo uso kwa uso, akarudi, akaweka alama. Vitu vya madereva tuliviorodhesha kimoja kimoja, jina la mwenyewe na rangi ya kitu, na kabati lote la buluu tukaamua litahamia kwa Mutua, fundi wa pancha aliyekuwa ng'ambo ya uwanja.

Mahali pa kwenda ndipo palipozua kelele. Kila dereva alisema Mombasa. "Mama, nitakupeleka bure mpaka Likoni." Nduku akatikisa mwiko. "Mombasa kila lori linamjua. Ataketi mahali apumzike, mtu atamuuliza kama sahani ya madondo iko. Aende kwetu. Matinyani lori haliji, isipokuwa la ndengu." Wale madereva walicheka hadi mmoja akamwaga chai. "Watu wa Kitui wanakuja Mtito kutafuta kazi, na wewe unaenda kwao kutafuta usingizi?" Lakini Wambui aliona kile Nduku alichokiona. Mama yake hakuhitaji mahali pazuri. Alihitaji mahali ambapo hakuna aliyemjua kama mtu wa kuagizwa.

Siku mbili kabla ya safari Wambui alinivuta kando. "Wewe utakuja nasi, pamoja na Nduku. Kazi yako ni moja: asirudi kabla ya Jumapili."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu wewe ni mtoro. Mtoro anamjua mwenzake akianza kutafuta viatu."

Nilicheka, lakini neno lile lilinichoma. Halikuwa uongo.

Jumanne tulipoondoka, tulikuta mlango haufungiki. Ulikuwa umekaa wazi miaka kumi na saba, bawaba zimeshikwa na kutu, na chini udongo umepanda hadi kufunika ubao wa kwanza. Kufuli haikuwahi kununuliwa. Mutua alichimba kwa jembe, mimi nikasukuma, Nduku akapaka mafuta ya kupikia kwenye bawaba, na madereva wawili wakasimama wakitutazama kama watu walio mazishini. "Nani amekufa?" mmoja akauliza. "Hakuna," Mama akasema, na sauti yake ikawa ndogo. Wakati huo huo gari kubwa kutoka Nairobi lilisimama, dereva wake akakimbia hadi kwangu, akanisukumia bahasha ya kaki mkononi. "Ya Abdi. Vyeti vya msichana wake. Alhamisi mchana atapitia." Akakimbia kurudi. Niliitia kwenye begi langu ili nimalize kusukuma mlango. Nilikuwa na daftari mfukoni, kalamu sikioni, na sikuandika. Mlango ukafungika.

Siku hizi barabara ya Kibwezi kwenda Kitui ni lami, na nimeipita nikiwa nimelala. Wakati ule ilikuwa mawe na vumbi. Pale Kibwezi, tulipoiacha barabara kuu, Mama alishika mkono wa mlango wa gari. Niliona vidole vikikaza. Nikatoa daftari, nikaanza kumsomea kama mwalimu anayeita rejista.

"Maziwa?"

"Ameambiwa asilete mpaka Jumatatu."

"Paka?"

"Mke wa Mutua."

"Ufunguo wa kanisa?"

"Mzee wa kanisa. Alinitukana kidogo lakini aliuchukua."

Tulisoma hivyo hadi Ikutha. Tulipofika Mutomo alikuwa amelala mdomo wazi, kichwa kwenye bega la binti yake, na Wambui hakusogeza bega lile hata tulipoingia kwenye mashimo.

Nyumba ya mama yake Nduku, ambaye sote tulimwita Susu, yaani nyanya, ilikuwa ya matofali, vyumba viwili na jiko la nje. Ulikuwa wakati wa kuvuna ndengu. Mikeka ilijaa uwanjani, maganda meusi yakipasuka juani kwa mlio mdogo, na harufu ya maembe yaliyoanguka ilikuwa kila mahali. Mimi nilipewa kitanda cha kamba kando ya ghala. Mama na Wambui walipewa chumba cha mbele chenye neti na picha ya harusi ya mtu nisiyemjua. Hatukuwa tumetua mizigo vizuri jirani wa kwanza alipofika kwenye ua wa makonge.

"Nduku, nani amekufa?"

"Hakuna."

"Ni nani mgonjwa?"

"Hakuna. Huyu ni mdosi wangu, mwenye hoteli. Amekuja likizo."

"Likizo ya shule?"

"Ya kupumzika."

Yule mama alimtazama Mama Wambui, mwanamke mzima, mwenye nguvu, ameketi kwenye kiti mchana wa kuvuna ndengu, mikono mitupu. "Aiya," akasema kwa huruma. "Basi ni miguu."

Kesho yake walikuja. Kule mtu mzima haketi bure mchana. Akiketi, anaumwa, na anayeumwa haachwi peke yake. Walikuja na sukari, unga, majani ya chai, mmoja na kuku, wakaacha ndengu zao shambani na kumzunguka Mama wakimwombea miguu. Na Mama, aliyekuwa amekaa nusu siku akitazama mikono yake kama vitu alivyoazimwa, alisimama. Akafunga kitambaa. Tulipotoka kisimani na Wambui tulikuta sufuria kubwa ya Susu ikichemka, chapati zikipangwa, na wageni ishirini wakihudumiwa. Mama alikuwa anang'aa. Wambui alitua jerikeni chini taratibu, na uso wake nilioona pale sikuupenda.

"Umefungua tawi," akasema.

"Wameacha kazi zao kuniombea. Niwaache na njaa?"

"Mama, nimekaa na wewe siku moja na nusu. Hujaniuliza hata naenda mji gani."

Kila mtu alikuwa ameacha kutafuna. Aliyetuokoa ni Nduku. Aliinuka, akawaambia wale wanawake jambo kwa Kikamba, kwa uso mzito sana, na palepale wawili wakamnyang'anya Mama mwiko, wa tatu akamshika kiwiko na kumrudisha kitini, na wa nne akamletea stuli ya kuwekea miguu. Tangu saa hiyo kila Mama alipojaribu kusimama kulikuwa na mtu wa kumkalisha. Baadaye nilimuuliza Nduku aliwaambia nini.

"Nimewaambia daktari amekataa aguse sufuria mpaka Jumapili."

"Daktari gani?"

"Si Wambui amesomea?"

"Amesomea uuguzi."

"Wewe Mluhya, ulitaka niwaonyeshe cheti?"

Neno hilo la cheti ndilo lililonifanya niache kucheka. Nilienda kwenye begi. Bahasha ilikuwa chini ya shati, imekunjika pembe moja. Ilikuwa Jumatano, saa kumi na moja jioni. Sote hotelini tulijua kwamba binti ya Abdi alikuwa akisubiri kwa shangazi yake Voi ili aanze kidato cha kwanza Ijumaa, na bila vyeti nafasi ingepewa mtoto mwingine. Simu za mkononi zilikuwa za wachache, na Mutua hakuwa mmoja wao. Nilimwita Wambui nyuma ya ghala, nikamwonyesha.

"Haiko kwenye daftari?"

"Mimi ndiye sikuandika."

Alifumba macho. "Ukimwambia, anaondoka sasa hivi. Atatembea hata kwa miguu."

"Najua. Nitaenda mimi, kukipambazuka."

Alinitazama, kisha akatazama begi. Kila kitu nilichokuwa nacho duniani kilikuwa ndani yake, na wote wawili tulijua kwamba naenda barabara kuu, upande wa malori. Hakuniuliza. Kama angeniuliza ningetoa mzaha. Kwa sababu hakuuliza, nilisema neno ambalo sikuwa nimewahi kumwambia mtu: "Ijumaa. Nitarudi Ijumaa."

Nilitoka jogoo wa kwanza akiwika. Pikapu ya mnunuzi wa ndengu ilinifikisha mjini Kitui, lori la makaa likanichukua hadi karibu na Mutomo ambapo gurudumu lilipasuka, nikatembea, nikabebwa na watu wa Wizara ya Maji, nikafika Kibwezi midomo imekauka, na saa tisa alasiri nikashuka Mtito. Abdi alikuwa ameketi kwenye ngazi ya hoteli iliyofungwa. Alikuwa msafirishaji wa mifugo, mtu wa Isiolo, mwembamba, mwenye kofia nyeupe. Lori lake tupu lilinuka mbuzi.

"Mluhya! Nani amekufa?"

"Hakuna. Mama anapumzika."

"Wallahi? Anapumzika?" Akainuka kwenye ngazi. "Mutua ameniambia bahasha haiko. Nimemwambia iko. Huyu mama hajawahi kupoteza kitu."

"Si yeye. Ni mimi niliyeisahau."

Nikampa bahasha. Alitoa vyeti, akavisoma kimoja kimoja, midomo ikitembea, akavirudisha na kuvitia kifuani ndani ya kanzu. Hakunigombeza. Akasema, "Naenda Voi sasa. Kesho nikishamfikisha shuleni, nashuka Mombasa. Si ulikuwa unaenda Mombasa tangu mwaka jana? Panda."

Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari kwenye kidato cha lori. Sijui nieleze vipi ujue ulivyokuwa mwepesi. Begi begani, barabara mbele, hakuna mtu wa kunizuia. Ndipo nilipomwona Mama akilini, ameketi kwenye kile kiti, na nikaelewa kitu kwa ukali wa mtu anayejimwagia maji ya moto. Nisiporudi, atakuwa amepata alichokuwa akitafuta siku zote katika daftari letu: jambo moja lisiloweza kuachiwa mtu mwingine. Hatafunga mlango tena maisha yake yote, na atakuwa na haki. Na Wambui atapanda ndege akiwa na siku mbili badala ya tano.

Nikashuka.

"Umesahau nini?" Abdi akauliza.

"Nimesema Ijumaa."

Nililala kwa Mutua kati ya matairi, na Ijumaa jioni niliingia uwanja wa Susu nikiwa mwekundu kwa vumbi hadi kope. Mama alikuwa kwenye kiti. Wambui ameketi mkekani mbele yake, kichwa kati ya magoti ya mama yake, nusu imesukwa, nusu imesimama. Walikuwa wakizungumza kwa Kikikuyu, sauti za chini, na waliendelea kidogo kabla ya kuniona.

"Umefika," Mama akasema.

"Nimefika."

"Umekula?"

"Bado."

"Nduku, mpe chakula." Hakuinuka. Vidole vyake vilirudi kwenye nywele, vikatenga fungu jingine. Hakuniuliza nilikuwa wapi, na mimi kwa miaka yote hii niliamini kwamba Wambui alimdanganya kitu, pengine kwamba nilienda mjini kununua dawa.

Hakumdanganya. Hilo ndilo aliloniambia mwezi uliopita Nyandarua, akishika kikombe kwa mikono miwili. Ile Alhamisi Mama aliamka, akaona kitanda changu kitupu na begi halipo. "Alijua," Wambui akasema. "Hakujua ni nini, lakini alijua kuna kitu kimeharibika Mtito. Akavaa viatu. Sikumzuia, Barasa. Nilikuwa nimechoka kumzuia. Nilisimama nyuma ya makonge nikamtazama akipanda hadi barabarani. Aliketi juu ya jiwe. Gari la Kitui likaja, likasimama, utingo akafungua mlango. Wakaongea. Nikajua basi, imeisha. Halafu likaenda, na yeye bado ameketi pale."

"Alisema nini aliporudi?"

"Nilimuuliza kwa nini hakwenda. Akasema, 'Barasa ameenda.' Nikamwambia, na akitoroka? Akasema, 'Basi atakuwa ametoroka. Mimi niko hapa na wewe.' Akaniuliza naenda mji gani. Tukaongea mpaka jua likazama. Hiyo siku moja ndiyo niliyobeba kwenye ndege."

Wambui alifuta macho kwa pembe ya leso yake na kucheka kidogo. Mimi nilishindwa kumwambia kwamba saa zile mama yake akisema hivyo, huenda mguu wangu ulikuwa kwenye kidato cha lori.

Tulirudi Jumapili kama tulivyopanga, tukafungua mlango, tukawasha moto. Wambui akasafiri. Mama aliweka wiki moja ya kufunga kila mwaka tangu hapo, na alikwenda Matinyani kila mara. Nasikia majirani wa Susu waliendelea kumwombea miguu mpaka miguu ikaumwa kweli. Mimi miguu yangu ilianza kuwasha mwezi wa pili. Najijua, sikujaribu kupigana nayo. Ila nilimwendea Mama jikoni, saa ya kazi, nikamwambia nitaondoka mwezi ujao, nimesikia kuna kazi ya bomba la maji upande wa mji wa Wote.

"Mwezi mzima?" akasema. "Watu wanatorokanga siku hiyohiyo."

"Nataka kumfundisha mtu kazi kwanza."

Akaniongezea unga wa kukanda. Lakini siku ilipofika, mwezi wa tatu, aliamua niondoke saa nne, jua likiwa juu, ili kila mtu aone. Mutua aliacha tairi nusu. Nduku alitoka na mwiko mkononi, akaniambia nisioe mpishi mbaya. Abdi, aliyekuwa akipita, alipiga honi bila sababu. Mama alinisindikiza hadi ukingoni mwa barabara, akanirekebisha kola ya shati, akasimama. Lori nililopanda lilipong'oa nanga niligeuka nikaona wote wamesimama mstari mmoja kwenye lile vumbi, wakinipungia, na sikujua la kufanya, kwa maana kote nilikopita sikuwa nimewahi kuagwa. Nikabaki nimeinua mikono yote miwili juu ya kichwa, kama mtu aliyekamatwa, mpaka tulipopinda kona.